Mkwe wangu aliyekataa kukohoa: jiwe la nyongo, Sisibo, kabla ya Uhuru

Wakuu, habari za hapa ndani. Nawasalimu wote, wazee kwa vijana, pamoja na nyinyi mnaosoma kila siku na hamchangii kitu.

Mimi ni nyanya wa miaka tisini na kidogo. Naishi Kapsoya, hapa Eldoret, kwa mjukuu wangu Jelagat. Yeye ndiye anabonyeza simu, mimi naongea tu. Nimemwambia asiongeze chumvi, na kila kipande atanisomea kabla hajatuma, kwa hiyo mkiona uongo hapa, ni wangu mwenyewe. Lakini hakuna uongo.

Mengi ya haya niliyaona kwa macho, machache nilisimuliwa na waliokuwepo, na sehemu moja niliisikia kwa masikio peke yake. Mtaelewa kwa nini.

Kilichonikumbusha ni hiki. Juzi juzi nililazwa hospitali hapa mjini. Macho yalikuwa yamegeuka manjano, ngozi inawasha, mkojo rangi ya chai ya rangi. Wakapiga picha, wakasema jiwe limetoka kwenye kifuko cha nyongo likaziba mfereji wake. Wakaingiza kamera kupitia mdomoni, wakalivuta. Baadaye wakatoa na kifuko chenyewe, kwa vitundu vidogo tu.

Kabla ya operation, daktari, kijana mzuri mwenye heshima, aliita watoto wangu akawaeleza complications. Akasema mtu wa umri wangu haogopewi kisu, anaogopewa siku za baada ya kisu. Kifua kinaweza kujaa, homa inaweza kupanda, anaweza kuchanganyikiwa aanze kuongea na watu wasiokuwepo.

Mimi nikacheka. Daktari akaniita nyanya kwa lugha yetu, akaniuliza, "Kogo, nimesema kitu cha kuchekesha?"

Nikamwambia, "Daktari, hayo yote niliyaona ukiwa bado hujazaliwa, na baba yako pia hajazaliwa."

Basi kaeni chini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Eldoret bado inaitwa Sisibo, yaani sitini na nne, kwa sababu mji ulikatwa kutoka kwa shamba la namba hiyo. Wazee wetu hawakujua kusema Sixty-Four, wakasema Sisibo, na likabaki. Mpaka leo nikisikia mtu akisema Sisibo nasikia harufu ya matope, ya moshi wa miti ya waati, na ya mkate uliokuwa ukiokwa kwa Mhindi mmoja karibu na stesheni. Huo mkate hatukuununua mara nyingi. Harufu ilikuwa bure, na tulipita hapo hata kama si njia yetu.

Baridi ya siku hizo ilikuwa baridi. Nyinyi mnavaa jaketi asubuhi mnasema Eldoret ni baridi. Sisi tulikuwa tunakuta maji kwenye karai yamefanya ngozi ya barafu juu.

Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa gari la ng'ombe kwa Kaburu mmoja kule upande wa Soy. Si gari la ng'ombe wawili kama mnavyoona kwenye picha. Ni ng'ombe kumi na sita, wawili wawili, na mjeledi mrefu kushinda nyumba. Alibeba ngano na mahindi mpaka stesheni. Mnajua barabara za katikati ya mji zilivyo pana? Wazee walituambia ziliachwa hivyo ili gari kama lake ligeuke bila kukwama. Kila nikipita hapo na kuona vijana wa boda boda wamejaa, nasema moyoni, hii nafasi mliwekewa na ng'ombe wa mkwe wangu.

Jina lake sitalitaja. Si mambo ya privacy. Kwetu sisi mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe, na mimi sijawahi kulitaja hata siku moja, na sasa nimezeeka sana kuanza tabia mbaya.

Na siyo jina tu. Hatukuwa tunamwangalia usoni. Hatumgusi. Chakula chake unaweka mahali, unatoka, mwingine anampelekea. Kama mko naye chumba kimoja kwa lazima, unageuka upande. Yeye naye hakuwa ananiambia kitu moja kwa moja. Angesema, "Mama wa mtoto aambiwe uji umepoa," na mimi niko pale pale nasikia.

Vijana mtasema huo ni ukatili. Mimi nasema ilikuwa heshima, na ilikuwa na utamu wake. Yule mzee alinipenda. Nilijua kwa sababu kila akileta gari mjini aliacha mlangoni kwetu kibuyu cha mursik, kimefungwa vizuri na majani, bila neno. Hayo maziwa ya kulala yalikuwa barua yake kwangu. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyatengeneza yeye mwenyewe, mwanaume mzima, anakoroga majivu kwenye kibuyu. Hakuna aliyethubutu kumcheka.

Mimi na mume wangu tulikaa lokesheni, kule walipokaa Waafrika wa mjini. Mume wangu alifanya kazi kwa kinu cha posho. Na tulikuwa na mtoto wetu wa kwanza, mvulana, bado ananyonya.

Huyu mtoto mumshike vizuri, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake.

Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wazee wanamwitia majina ya waliotangulia katika ukoo. Wanataja mmoja, wanangoja. Wanataja mwingine, wanangoja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, ndilo lake. Yule aliyekufa amekubali kurudi kwake. Mtoto wangu walimwitia majina mengi hata nikachoka, halafu wakataja jina la baba wa mkwe wangu. Akapiga chafya kubwa.

Kwa hiyo, mbele ya ukoo, mtoto wangu alikuwa ni baba ya baba mkwe wangu. Na mkwe wangu hakufanya mzaha na hilo. Alimwita "Baba". Akija alivua kofia, akainama, akamsalimia mtoto wa kwenye mgongo kama mtu mzima. Mimi kwa sababu jina hilo pia nisingeweza kulitaja, nilimwita tu Mzee. Kanisani alibatizwa Yoshua, lakini nyumbani ni Mzee mpaka leo.

Sasa ugonjwa.

Mkwe wangu alianza kuumwa upande wa kulia chini ya mbavu, hasa akila nyama ya mafuta. Maumivu yanakuja, yanaondoka. Akanywa dawa ya miti. Akanywa nyingine kali zaidi. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alificha mpaka macho yakamsaliti, yakawa manjano kama mahindi yaliyokomaa. Akawa anajikuna na gunzi la mahindi mgongoni, anasimama karibu na ng'ombe wake akijikuna kama na wao wanavyojikuna kwa mti.

Siku moja alianguka chini akitetemeka na homa, ng'ombe wamesimama njiani na mzigo. Kaburu wake alimleta mjini kwa lori, katikati ya magunia ya ngano. Siwezi kumsifu yule mtu kwa mengi, lakini hiyo siku alimleta.

Hospitali ya Waafrika wakati huo ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, vitanda vya chuma, blanketi nyekundu. Daktari Mzungu akamwangalia, akasema ni jiwe. Hata yeye alishangaa, akasema kwa Waafrika hakuwa ameona mengi. Akampasua tumbo, si kitundu, tumbo wazi kutoka chini ya mbavu. Akatoa jiwe kwenye mfereji, akaacha bomba la mpira ndani, linatoka ubavuni na kumwaga nyongo kwenye chupa iliyofungwa kitandani. Nyongo ilikuwa kijani iliyokolea, rangi ya maji ya mto kukiwa na majani.

Mume wangu alirudi nyumbani akiwa anacheka peke yake njiani. Tulichinja kuku. Tulifikiri kisu kimemaliza maneno.

Wakuu, hapo ndipo yalipoanzia.

Mkwe wangu alikuwa mwanaume wa zamani. Nyinyi mnajua kwetu kijana anapoingia utu uzima anakutana na kisu, na siku hiyo watu wazima wanamwangalia usoni. Hatakiwi kukunja hata ngozi ya jicho. Akitikisika, aibu hiyo inakwenda naye mpaka kaburini, na watoto wake wanaimbiwa kwa dhihaka. Mkwe wangu katika rika lake alisifiwa kwamba alisimama kama jiwe. Tulisikia hadithi hiyo kila sherehe.

Sasa amepasuliwa tena, mbele ya wageni. Mnafikiri alifanya nini?

Alilala kama jiwe.

Chali, walivyonisimulia waliomwangalia, mikono ubavuni, macho kwa mabati. Hageuki. Hapumui kwa nguvu, kwa sababu akipumua kidonda kinauma na uso utakunjika. Kikohozi kikimjia anakimeza. Wenzake wa rika wakaja kumwona, wazee wenye makoti ya jeshi, wakazunguka kitanda wakatikisa vichwa kwa furaha. "Ni yule yule," wakasema. "Hata Mzungu hakumtikisa."

Na sisi wote tulijivuna. Mume wangu alikuwa anawaambia watu wa kinu kwamba baba yake hajatoa hata sauti. Kumbe kila sifa tuliyompa ilikuwa inamfunga kwenye kitanda.

Sista wa wodi, Mzungu mwembamba mwenye miguu ya haraka, alikuwa anapita akipiga kelele kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Mzee iko lala sana! Hapana mzuri! Ambia yeye kaa! Ambia yeye kohoa!"

Hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Mtoto wake amwambie baba yake akohoe aonekane anaumia? Wazee wa rika lake ndio kabisa.

Aliyenieleza vizuri alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda wa wodi, kijana Mbukusu anaitwa Wafula, mtu wa mizaha lakini siku hiyo hakuwa na mzaha. Akaniita kando akasema, "Mama Mzee, sikia. Daktari anasema hivi: huyu amezeeka, na amepasuliwa juu hapa karibu na mapafu. Asipokaa na kukohoa, kifua kinaoza huko chini. Jiwe halitamuua. Kulala ndiko kutamuua."

Nikamwambia, "Kaka, mimi ni mke wa mtoto wake. Siwezi hata kumwangalia."

Akasema, "Basi mtafute mtu."

Mtu wa kutafuta hakuwepo. Dada zake mume wangu walikuwa wameolewa mbali, upande wa Kapsabet na kuendelea. Mume wangu mchana aliruhusiwa kutoka kinuni Jumapili tu. Aliyekuwa anapeleka uji mchana ni mimi. Naingia nimeinamisha kichwa, naweka bakuli kwa kiti, nageuka naangalia ukuta mpaka Wafula amlishe, nachukua bakuli naondoka. Ule ukuta naujua. Ulikuwa umepakwa chokaa na kulikuwa na ufa umefanana na mto na matawi yake.

Homa ikaja. Nilisikia pumzi yake kabla sijafika kitandani, inakwaruza. Sista alimchoma sindano za penisilini, akaja na Wafula wamwinue kwa nguvu. Akawasukuma. Mzee wa umri ule, amepasuliwa, akawasukuma wote wawili, na bomba likavutika kidogo, bandeji ikalowa kijani. Sista alikaribia kulia. Daktari akaja, akalishona lisitoke, akasema asilazimishwe tena namna hiyo.

Halafu akili ikaondoka.

Siku hiyo nimesimama kwa ukuta wangu, nikasikia nyuma yangu sauti ya kuita ng'ombe. Anawaita kwa majina yao ya Kikaburu, mmoja mmoja, Roiman, Witfut, Blesman. Anawabembeleza wapande mlima. Anawaambia mvua inakuja, ngano italowa, vuteni watoto wangu vuteni. Sauti ilikuwa nyembamba, na kati ya jina na jina kifua kinakoroma.

Nililia hapo kwa ukuta. Nasema wazi. Yule mtu hakuwa amewahi kuniambia neno, na sasa nasikia moyo wake wote, ameupa ng'ombe.

Habari ikafika Soy kwamba mzee anaongea na wasioonekana. Ndugu yake mdogo, ambaye ni baba mdogo wa mume wangu, akaamua. Akasema ndugu yake ameshaanza safari, na mtu wa heshima hafii kwa kitanda cha chuma na bomba ubavuni kama pipa la pombe. Atakuja na gari la ng'ombe Jumapili, amchukue, akafie kwa udongo wake.

Mume wangu alikubali. Nisimlaumu. Baba mdogo akisema, ni baba amesema.

Wafula alipoambiwa alinishika mkono mbele ya watu. "Akipanda hilo gari na hilo bomba hafiki hata mto Sosiani," akasema. "Hapa bado ana nafasi. Mwambie mume wako." Nilikuwa nimeshamwambia. Nilimwambia usiku na asubuhi, akanijibu kwamba baba mdogo ameshasema.

Jumapili ikafika. Kanisani sikwenda. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda hospitali mapema na uji wangu, nikijua ni wa mwisho. Kwa kawaida mtoto nilimwacha kwa jirani, kwa sababu ya magonjwa ya wodi. Siku hiyo jirani alikuwa kanisani.

Naombeni mlione hili jambo kama lilivyokuwa. Mimi nimeingia, nimegeuka, uso wangu kwa ukuta. Lakini mtoto yuko mgongoni. Mimi nikiangalia ukuta, yeye anaangalia kitanda.

Nyuma yangu ng'ombe walikuwa wanapanda mlima. "Witfut, vuta. Blesman, vuta."

Mara kimya.

Mtoto akatoa sauti, ile ya watoto wakiona mtu wanayemjua. Halafu nikasikia sauti ya mkwe wangu, ya chini kabisa, si ile ya ng'ombe. Akasema kwa lugha yetu, "Baba."

Nilitaka kugeuka. Shingo ilikataa yenyewe.

Akasema, "Baba, umenikuta nimelala. Nisamehe." Na nikasikia vyuma vya kitanda vinalia. Mtu hamsalimii baba yake akiwa amelala chali, wakuu, hata kama anakufa. Mkwe wangu alikuwa anajiinua. Nilisikia kiwiko, nikasikia kingine, nikasikia pumzi inakatika, na kile kidonda sijui kilimfanyia nini, kwa sababu alilia.

Yule aliyesimama kama jiwe alilia. Alisema, "Baba, naumia. Baba, wamenikata na naumia sana."

Hii ndiyo sehemu niliyowaambia nimeisikia kwa masikio tu. Na mpaka leo nashukuru sikuiona, kwa sababu haikuwa yangu kuona.

Nimefikiria sana kwa nini alilia siku hiyo. Mbele ya rika lake alikuwa shujaa. Mbele ya mtoto wake alikuwa baba. Mbele yangu alikuwa mkwe. Hapakuwa na mtu hata mmoja Sisibo nzima ambaye mbele yake angeweza kuwa mtoto, isipokuwa huyu mtoto wangu anayenyonya.

Wafula alikuwa amesimama kando yangu na mto wa kulalia kifuani kwake, ule wa kubana kidonda mtu akikohoa, hajui afanye nini. Mimi nikafungua mdomo. Sikupanga. Mwanamke aliyeolewa hamwamuru baba mkwe, lakini mama anaweza kumsemea mtoto ambaye bado hajajua kusema. Hiyo iko kwetu, kila siku tunafanya, mtoto anasema ana njaa, mtoto anasema asante.

Nikasema kwa ukuta, "Mzee anasema ushike huo mto kwenye kidonda, ukohoe."

Nikasikia kikohozi. Cha kwanza kidogo. Cha pili kikatoka chini kabisa kama mlango wa ghala, na vingine vikafuata, na yeye analia katikati, na Wafula anasema, "Ndio mzee, toa, toa yote." Mtoto mgongoni kwangu alifurahi, akapiga miguu.

Tukiwa hapo, baba mdogo akaingia na mume wangu na vijana wawili wa kubeba. Gari lilikuwa nje, nilisikia minyororo.

Akasema, "Tumekuja kumchukua."

Nilikuwa mdogo, wakuu. Sijazaa ila mmoja. Lakini nilikumbuka kitu kimoja. Baba wa mkwe wangu alikuwa ni baba wa huyu baba mdogo pia.

Nikabaki nimeelekea ukuta ili mtoto awaangalie wote. Nikasema, "Mzee anasema mtoto wake haendi popote mpaka hilo bomba litolewe na aliyeliweka. Na kila siku akae na akohoe. Na nyinyi mliomsifu kwa kulala mje mumsifu kwa kukaa."

Hiyo ya mwisho niliongeza mimi. Mzee hakuisema.

Nilisubiri kusikia mtu akinikaripia. Badala yake nikasikia mkwe wangu, kwa sauti imekwisha, anamwambia ndugu yake, "Umesikia Baba alivyosema."

Na baba mdogo, mtu mgumu yule, akavua kofia. Niliambiwa baadaye na mume wangu. Akainama, akamsalimia mtoto, akatoka nje kugeuza ng'ombe.

Tangu siku hiyo ikawa mgeni njoo mwenyeji apone. Kila mchana nilikuja, nikasimama kwa ukuta, mtoto akaangalia kitanda, na mkwe wangu akainuka kumsalimia. Sista hakuelewa kitu. Alipita akaona mwanamke anaangalia ukuta na mzee anakohoa nyuma yake, akasema, "Mzuri! Mzuri sana!" Wazee wa rika wakaja na wao wakaanza kumhesabia vikohozi kama mabao ya mpira. Akili ikarudi pole pole. Homa ikashuka. Siku ya kutoa bomba daktari alilibana kwanza, akapiga picha, akaona njia ni safi, akalivuta.

Alitoka wodini kwa miguu yake mpaka kwenye gari, na aliyeendesha ng'ombe kumrudisha Soy alikuwa baba mdogo. Kabla hajapanda akasema, kwa hewa tu, bila kumwelekea mtu, "Mama wa mtoto aambiwe nimesikia."

Wiki chache baadaye nikafungua mlango asubuhi, nikakuta kibuyu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Trekta zilipokuja alikataa kuzipanda. Alifia nyumbani kwake, mzee kabisa, amekaa.

Sasa nimalizie yangu, ndiyo iliyonifanya nimsumbue Jelagat.

Juzi baada ya ile operation, mimi niliyemcheka daktari, nililala kama jiwe. Msinicheke. Vitundu vinauma. Nesi ananiambia, Kogo kaa, Kogo vuta pumzi, mimi nimefunga macho. Mabinti zangu wakanibembeleza, nikawafukuza. Nilikuwa naona aibu kugumia mbele yao, mimi niliyewalea kwa maneno makali.

Mwanangu Yoshua akaja. Ni mzee sasa, mwalimu mstaafu, kichwa cheupe, anatembea na fimbo. Alisimama kando ya kitanda akaniangalia. Halafu akageuka taratibu, akanipa mgongo, akaangalia ukuta.

Akasema kwa ule ukuta, "Mzee anasema ukae, mama. Na ukitaka kulia, lia. Haangalii."

Nikalia. Nikakaa. Nikakohoa.

Basi wakuu, funzo langu ni dogo. Kama una mzazi mzee amefanyiwa operation ya nyongo au ya tumbo lolote, usifurahi akilala kimya. Akitulia sana, akianza kuita watu wasiokuwepo, pumzi ikianza kukwaruza, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje. Mwinue. Mpe mto ashike. Na kama amekuwa jasiri maisha yake yote, tafuta huyo mtu mmoja ambaye mbele yake anaweza kuwa mtoto, umlete hata kama hajui kuongea.

Nyinyi wa Soy, wa Chepkoilel, wa kwingineko, kwenu mgonjwa mzee anainuliwa na nani? Na kuna ambaye babu yake aliendesha gari la ng'ombe kuingia Sisibo? Andikeni hapa chini, Jelagat atanisomea jioni nikiwa nimekaa, si nimelala.

Jina la mkwe wangu msiniulize.